Upawa wa Kwanza wa Mama Nanzia

Sogeeni huku karibu na jiko. Anayechambua maharage aendelee kuchambua. Mikono ifanye kazi yake na masikio yafanye yake. Nina kesi, na mahakimu ni ninyi. Sisi Wapare watu hututania kwamba tunauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Wacha waseme. Kesi hii haina kuku, ingawa ina mbuzi mmoja, na huyo mtamwona baadaye.

Kulikuwa na mama mmoja aitwaye Nanzia, mjane, aliyeishi juu kabisa mlimani. Alikuwa na watoto watatu. Wawili aliwazaa na mmoja aliletewa. Mbonea, mwanawe wa kwanza, alijaliwa maneno: angeweza kumbembeleza jogoo asiwike. Nakijwa, binti yake, alijaliwa miguu, na tangu utoto hakuna aliyewahi kumsikia akisema amechoka. Wa tatu ni Namsifu, mkamwana, mke wa kitinda mimba wa Mama Nanzia aliyefariki mapema. Huyu alijaliwa kumbukumbu. Ukimwazima sindano leo, miaka ikipita atakukumbusha ilikuwa na uzi wa rangi gani.

Sasa sikilizeni desturi ya ukoo wao, maana kesi yote imesimama hapo. Kwao mtu hahami nyumba bila moto. Kaa linatolewa kwenye mafiga ya zamani, linapelekwa kwenye mafiga mapya, na juu yake kinapikwa chungu cha kwanza cha makande. Yakiiva, mama mwenye nyumba anachota upawa wa kwanza na kumpa yule aliyeuleta moto. Anayepokea upawa huo ndiye mrithi wa jiko. Mama akishafumba macho, nyumba inabaki mikononi mwake, na kila Desemba ndugu wote wanarudi kwake. Haruhusiwi kuiuza, wala kumfungia ndugu mlango. Upawa ni mmoja, na haugawanywi.

Mwaka huo mvua za vuli zilinyesha kwa hasira. Nyuma ya jiko la Mama Nanzia ardhi ikapasuka, ufa ukawa unatanuka kila kukicha. Majirani wengi walishahamia tambarare. Watoto wake nao walikuwa wamemjengea nyumba huko chini, imeezekwa na kupigwa lipu, inamsubiri yeye tu. Desemba ikafika, watu wakarudi nyumbani kutoka kila upande na mabegi yao na watoto wao na makelele yao. Mbonea akaja na familia kutoka Arusha. Nakijwa akaja kutoka Tanga na masanduku yake yote, maana ndoa yake ilikuwa imevunjika na hakuwa na pa kurudi. Namsifu hakutoka popote. Yeye na wanawe walikuwa wakiishi na mama mkwe siku zote.

Kila mtu alikuwa tayari kuhama, isipokuwa mwenye kuhama.

"Siendi," alisema Mama Nanzia. "Mafiga haya niliyakuta nikiwa bibi harusi. Mlima ukitaka kuanguka, uanguke. Tumezoeana."

Mwenyekiti wa kijiji alimwomba, akashindwa. Mchungaji alimwomba, akaishia kupewa ndizi za kupeleka kwake. Ndipo Mbonea alipoinuka. Hakubishana. Alibeba magodoro ya watoto wake, akayaingiza jikoni, akayatandika moja baada ya jingine kando ya ukuta wa upande wa ufa.

"Unafanya nini, wewe?" mama akauliza.

"Wajukuu zako watalala hapa mpaka likizo iishe, mama. Umesema hakuna hatari. Mimi naamini neno lako kuliko la serikali."

"Watoe wanangu hapo!"

"Ukitoka wewe, nao wanatoka."

Mama Nanzia alimtazama, akautazama ufa, akawatazama watoto waliokwisha kuanza kurukaruka juu ya magodoro. Machozi yakamtoka, ya hasira kwanza, kisha ya kweli. Akasema, "Nitahama. Lakini moto wangu unahama na mimi. Ukifia njiani, nageuza."

Gari lilikuwa haliwezi kupanda, barabara ilikuwa imekatika. Basi Nakijwa akajaza makaa katika chungu, akayafukia kwa majivu, akaweka ngata kichwani na chungu juu ya ngata, akatangulia. Mvua ikaanza. Akavua kanga ya mabegani akakifunika chungu, mwenyewe akalowa. Nyuma yake walikuja Mbonea akimshika mama mkono, Namsifu na kapu la vyombo, na watoto wakiburuta mikeka kwenye tope.

Katikati ya mteremko kuna nyumba ya shangazi yao, Namkunda, dada ya marehemu baba yao. Mnajua mambo ya wifi. Ungepita mlangoni kwake bila kuingia, angelizungumza jambo hilo mpaka kwenye msiba wako. Wakaingia. Chungu kikaachwa nyuma ya nyumba, chini ya uchaga wa vyombo, mahali pakavu. Wakapewa chai na mihogo.

Shangazi Namkunda ana sifa moja inayojulikana milima yote hii: usafi. Walipokuwa wakiaga akatokea akikausha mikono kwenye kitenge, amefurahi.

"Kile chungu chenu nimekiosha. Jamani, mnahamia nyumba mpya na chungu kimejaa majivu? Watu watasemaje?"

Nakijwa alikimbilia nyuma, akakikuta chungu kinang'aa juu ya uchaga, na chini yake dimbwi jeusi. Hakulia. Alijifunga kanga kiunoni akasema, "Narudi juu. Mafigani makaa bado yapo." Alikuwa ameshashika njia wakati simu ya Mbonea ilipolia. Aliyepiga alikuwa kijana wa jirani aliyebaki juu, anahema. Mlima ulikuwa umeteremka. Jiko la Mama Nanzia halikuwepo tena.

Watoto walikuwa wamekaa barazani wanakula mihogo. Mbonea aliwatazama mmoja mmoja, akakaa chini.

Mama Nanzia naye akakaa, palepale kwenye tope. "Basi," alisema. "Sina moto wa kwenda nao, sina jiko la kurudi kwake. Niacheni hapa."

Hapo ndipo Namsifu aliposema, taratibu kama kawaida yake, "Mama, Mzee Mchome alipohama mwaka jana, alikuja kwako kuomba kaa la kuanzia nyumba yake. Ulimpa matatu, kwenye kigae chekundu. Yule ni mfua majembe. Moto wake haujawahi kulala."

Mama akainua uso. Kisha uso ukashuka tena, kwa sababu wote walijua jambo moja. Mchome na nyumba yao walikuwa hawasalimiani. Mbuzi wa Namsifu alikuwa ameingia shambani kwa Mchome, Mchome akamfunga juani mpaka akafa. Kesi ilikuwa kwenye baraza la kata. Namsifu alikuwa na mashahidi, tarehe zote kichwani, na ushindi mkononi. Tena yule hakuwa mbuzi wa kununua tu. Mume wake alimwachia mbuzi huyo kabla hajafa, na mbuzi alipofungwa juani alikuwa na mimba.

Wakashuka wote mpaka kiwandani kwa Mchome, na Namsifu akaingia, akamkuta mzee akivukuta moto wake.

"Moto ni wa mama yako, sikatai," mzee alisema. "Lakini kaa halitoki humu wakati mnanipeleka barazani kama mwizi."

Wapare wenzangu mnaelewa alichokuwa anaombwa. Kuacha kesi ya kushindwa ni jambo rahisi. Hii alikuwa ameshaishinda.

"Mbuzi alikuwa wangu," Namsifu alisema mwishowe. "Nimemsamehe yeye na wewe. Kesi naifuta. Chota."

Kati ya kiwanda cha Mchome na nyumba mpya kuna korongo, na siku hiyo korongo lilikuwa limejaa. Wanaume walisimama ukingoni wakishauriana. Nakijwa hakushauriana na mtu. Alitwika chungu kilekile, sasa kina makaa ya Mchome, akaingia, maji yakampanda mpaka kifuani. Sasa kumbukeni, shangazi alikuwa amemwagia maji baridi chungu cha moto. Kilikuwa na ufa ambao hakuna aliyeuona. Katikati ya korongo ufa ukaachia, makaa yakaanza kudondoka moja moja kwenye shingo yake na bega. Waliokuwa ukingoni walimwona anakunja uso. Hawakuona chungu kikitikisika. Alifika ng'ambo makaa yakiwa yamebaki machache, akayaingiza ndani, akayapuliza mpaka mafiga mapya yakashika moto. Kovu lake analo mpaka leo, hataki kulifunika.

Makande yakapikwa, yakaiva. Watu wakajaa ndani. Mama Nanzia akashika upawa.

"Mama," alisema Mbonea, "bila mimi wewe na moto wako mngekuwa chini ya udongo. Niliweka watoto wangu mbele ya ufa. Nani mwingine alifanya hivyo?"

"Uliongea, kaka," alisema Nakijwa. "Moto haubebwi kwa maneno. Tazama shingo yangu. Na mimi ndiye nisiye na mlango mwingine wa kubisha."

Walipomwangalia Namsifu, akasema, "Moto mliotoka nao ulimwagwa. Huu ulio hapa niliununua kwa kesi ya mbuzi, kitu cha mwisho alichoniachia ndugu yenu. Siku mama asipokuwepo, mimi na wanangu ni nani katika nyumba hii?"

"Basi mpeni Mchome huo upawa!" alidakia Shangazi Namkunda kutoka mlangoni. "Moto ni wake."

"Wewe wifi, kaoshe kitu," alisema Mama Nanzia, na watu wakacheka, hata waliokuwa wanalia.

Kisha akachota. Upawa ukajaa, mvuke ukapanda. Sahani tatu zilikuwa mezani. Mama aliusogeza upawa kwa mwanawe, mkono ukasita. Akausogeza kwa binti yake, ukasita. Akausogeza kwa mkamwana wake, ukasita tena. Akageukia watu wa ukoo waliojaa chumbani, akasema, "Wawili niliwazaa na mmoja nililetewa, na moyo wangu hauoni tofauti. Nisaidieni."

Nimesimulia kesi hii katika nyumba nyingi, na kila mara watu huondoka wamenuniana. Sitawaambia mimi namwonea nani huruma. Nanyi msiniambie wagawane, maana nimeshasema haugawanywi. Mkono wa mama umechoka na makande yanapoa. Shika wewe huo upawa. Unamimina katika sahani ya nani?