Wa Kubaki Mlangoni

Sogeeni, sogeeni, huko nyuma mtasikia nini? Na wewe unayetafuna karanga, tafuna umalize kabisa, maana nikianza sitaki mlio. Leo sina sungura wala fisi. Nina watu watatu wa karate na kosa moja, na nikimaliza nataka jibu, sitaki makofi. Tumeelewana? Haya.

Huko Korogwe, ndani ya ghala kuukuu lililokuwa likiwekwa mkonge, palikuwa na mwalimu wa karate akiitwa Semboja. Mchana alikuwa fundi cherehani. Jioni akivua tepu shingoni na kuvaa sare nyeupe aliyojishonea mwenyewe, watu wote, hata mama mkwe wake, walimwita Sensei. Wanafunzi alikuwa nao wengi, lakini watatu tu ndio waliofika mkanda wa kahawia, na kila mmoja alikuwa na chake.

Mhina alikuwa na ngumi. Sisemi ngumi ya kuvunja, hiyo hata beberu anayo kichwani. Yake ilikuwa ngumi ya kusimama. Anairusha kwa nguvu zake zote, inakuja, unasema leo sina meno, halafu inasimama mbele ya pua yako bila kuigusa. Unachopata ni upepo. Watu waliotoka kazini walikuwa wakipita kumchungulia madirishani, naye alijua kabisa kuwa wanamchungulia.

Saumu alikuwa na jicho. Bega lako likicheza kidogo tu, keshajua ni mguu gani unakuja. Wenzake walikuwa wakilalamika kwamba kupambana na Saumu ni sawa na kutangaza hila zako kwenye kipaza sauti kabla hujazifanya. Hakuwa msemaji, lakini hakuna kilichompita.

Kilua, mkubwa wao, alikuwa na adabu. Msicheke! Kwa Sensei Semboja adabu ilihesabiwa kipaji sawasawa na teke. Pale sakafu haifutwi na wadogo. Hufutwa na aliye juu kuliko wote, ili asije akajiona amefika. Basi kila jioni Kilua aliinama na tambara la maji akikimbia nalo huku na huku juu ya ile saruji, ambayo ilisuguliwa miaka na miaka mpaka ikawa laini kama sahani. Kisha alirudia kote na tambara kavu. Hakuwahi kununa.

Sasa, Sensei alikuwa na zoezi lake la kuwaandaa wanaokaribia mkanda mweusi. Mnainamiana kwa heshima, halafu yeye anasimama mbele yako, anafumba macho, anasema, "Njoo." Unamrushia ngumi ya uso kwa nguvu zako zote na kuisimamisha. Hakwepi. Aliwahi kuulizwa kwa nini, akajibu, "Nikikwepa, nimekuambia sikuamini. Na mtu asiyeaminiwa hajifunzi kujizuia." Tangu mnapoinamiana mpaka mnapoinamiana tena, ndani ya ghala hakuna anayefungua kinywa. Hata ukiumwa na siafu, vumilia.

Mtihani wa mkanda mweusi ulikuwa unakaribia. Mtahini anatoka Dar es Salaam, na huko Korogwe huja kwa nadra sana. Ukimkosa safari hii, utamsubiri mpaka usahau unamsubiri nini.

Jioni hiyo Kilua alifuta sakafu kwa tambara la maji kama kawaida. Lakini kulikuwa na mgeuko mmoja wa mwili uliomsumbua siku zile, na akili yote ilikuwa kwenye mtihani. Akalitazama tambara kavu, akaitazama kona iliyo wazi. "Patakauka tu," akajisemea, akaenda konani kujifunza mgeuko wake.

Zoezi likaanza. Mhina na Sensei wakainamiana. Saumu alikuwa amekaa kwenye mstari na wenzake, na jicho lake lile likaona maji yanang'aa, pale pale ambapo mguu wa mbele wa Mhina ungetua. Akafungua mdomo. Akakumbuka ukimya. Akaufunga.

Mhina akarusha ngumi ya kwanza, ikasimama vizuri. Lakini mguu uliteleza kidogo, na aliuhisi. Mwingine angeshusha mkono akainama, zoezi likaisha hapo. Ila madirisha yalikuwa yamejaa, na kuna mtu huko nje alikuwa amepiga mluzi wa kumsifu. Mhina akarudi nyuma, akavuta pumzi, akairusha ya pili kwa nguvu kuliko zote alizowahi kurusha. Mguu ukakimbia mbele, bega likafuata, na ngumi ikapita pale ilipozoea kusimama.

Sensei alianguka kimya. Hakupiga kelele, alishika uso tu. Hospitali walijitahidi, Mungu awape heri, lakini jicho la kushoto halikurudi.

Mnajua fundi cherehani mwenye jicho moja anapata shida wapi? Kwenye tundu la sindano. Watatu hao walikwenda kumwona nyumbani, wakamkuta anaulenga uzi, anakosa, anaulamba, anaulenga tena. Wakakaa wakitazama miguu yao. Halafu Sensei akainua uso, akasema kwa upole kabisa, "Saumu, mwanangu, wewe una macho mazuri. Nitungie uzi."

Saumu akaishika ile sindano, akaulenga uzi mara mbili. Uzi haukuingia. Akalia kilio cha mtu aliyefiwa.

"Niliyaona yale maji, Sensei. Niliyaona kabla."

"Kulikuwa na ukimya," Sensei akamwambia.

"Ukimya nimeusingizia tu! Nilimwona Kaka Mhina anavyojionyesha kwa watu wa madirishani, nikasema moyoni, acha ateleze kidogo aaibike. Ndiyo maana nilinyamaza."

Mhina akaruka, "Mwacheni Saumu! Mimi mwenyewe niliuhisi mguu unateleza. Sikusimama kwa sababu walikuwa wananitazama. Ngumi ni yangu, Sensei. Jicho nimelitoa mimi."

Na Kilua, mtu mzima mwenye ndevu zake, alikuwa amejifunika uso kwa viganja. "Mngeteleza wapi kama ningekausha?" akasema. "Tambara lilikuwa mkononi mwangu. Nikaona mgeuko wangu mimi una maana kuliko miguu yenu."

Sensei hakuwakemea. Afadhali angewakemea! Aliwakumbusha sheria ya nyumba yake: mwenye kosa kubwa hupiga magoti nje ya mlango wa ghala wakati wenzake wakifanya mazoezi, mpaka siku Sensei mwenyewe atakapomshika mkono na kumwingiza. Na anayepiga magoti hafanyi mtihani.

"Tutapiga wote watatu," Kilua akasema.

"Hapana. Nikiwaadhibu watatu, kila mmoja atabeba theluthi. Theluthi ni nyepesi. Mtaisahau kabla kidonda changu hakijapona. Jicho limetoka moja, atabaki mlangoni mmoja, alibebe lote. Wawili wataingia wafanye mtihani, na watajua wameingia kwa kuwa mwenzao amebaki. Nani abaki, mtaamua wenyewe."

Jamani! Mmeona ukatili wa huruma hiyo?

Asubuhi ya mtihani Mhina aliwahi ghalani, akamkuta Kilua keshapiga magoti mlangoni. Akapiga magoti pembeni yake. Saumu alipofika, akawasukuma kwa kiwiko akapata nafasi katikati.

"Saumu, ondoka hapa," Mhina akamwambia. "Kunyamaza kunamtoa nani jicho?"

"Kwani wewe ulikusudia? Wewe uliteleza. Mimi nilitaka uteleze."

"Ingieni ndani nyote wawili," Kilua akasema. "Mimi ndiye mkubwa."

"Aa, sasa huo ukubwa!" Mhina akamgeukia. "Hata kwenye dhambi unataka utangulie? Unadhani ukibaki wewe, mimi nitalala? Nitafunga mkanda mweusi kiunoni, halafu kila nikimwona Sensei anatafuta uzi niseme aliadhibiwa Kaka Kilua, yameisha?"

"Na mimi je?" Saumu akauliza. "Nyie kila mtu anataka kubaki ili moyo wake upoe. Atakayeingia ndiye atakayeungua."

Na hilo lilikuwa kweli. Kupiga magoti kulikuwa kumegeuka kuwa zawadi, na kila mmoja aliitaka kwa ajili yake mwenyewe. Na kulijua hilo nako kukawaongezea hatia nyingine juu ya ile ya kwanza.

Sensei Semboja akatoka ndani, sare imepigwa pasi, kitambaa cheupe juu ya jicho. Akawakuta wote watatu wamepiga magoti. Alikunja uso.

"Mgeni keshashuka stendi," akasema. "Naenda kumpokea. Nikirudi nikute mmoja mlangoni na wawili ndani. Nikikuta watatu, nitamwambia mtahini arudi alikotoka, maana nitakuwa sijamfundisha mtu yeyote kitu chochote. Na ghala nitalifunga."

"Osu, Sensei," wakaitikia, kama wanavyoitikia watu wa karate.

Akageuka kwenda. Upande wa kushoto haoni, bega likagonga mwimo wa mlango, pa! Wote watatu wakanyoosha mikono kumshika. Akaikataa kwa kichwa, akapapasa ukuta, akaenda zake barabarani taratibu.

Basi. Kilua hakukausha, Saumu hakusema, Mhina hakusimama. Ondoa kosa la yeyote mmoja kati yao jioni ile, na Sensei Semboja anatunga uzi wake mwenyewe mpaka leo. Na msiniletee jibu la kwamba kosa ni la mwalimu aliyefumba macho. Mwalimu alishalipa.

Nawaona Sensei na mgeni wake wanakata kona ya mashine ya kusaga. Wale watatu bado wako chini, wanatazamana, hakuna anayenyanyuka. Wewe uliyemaliza karanga, anza wewe, na usimtazame jirani yako: ungewaingiza wepi wawili, na ungemwacha nani mlangoni?