Kiwanja Hununuliwa Masika

Kiwanja hununuliwa masika. Ndivyo alivyosema shangazi yenu jana mbele ya wageni, na nyinyi mkabaki mmeduwaa, hamjui mcheke au mnyamaze. Mmefanya vizuri kuja kuniuliza mimi, maana wako wanaoisimulia kwa kutia chumvi, na wengine wanasema ilitoka pwani. Uongo mtupu! Ilitoka hapa hapa Kwa Kobelo, nje kidogo ya mji wa Morogoro, na mimi nilikuwepo. Tena nilikuwepo upande mbaya, kwa hiyo sitawaficha kitu. Methali hii ilianza hivi.

Mwaka niliostaafu unesi nilitoka kazini na vitu viwili: miguu iliyovimba na kiinua mgongo. Miaka thelathini na minne nilikuwa nimepanga vyumba vya watu, naambiwa saa ya kuzima taa na siku ya kufua. Nilitaka kiwanja, nijenge vyumba vitatu, nizeekee kwangu. Fedha ile ilitosha kiwanja kimoja na nyumba moja ndogo, basi. Ikipotea ndiyo imepotea. Hakuna anayestaafu mara mbili.

Wakati huo palikuwa na binti mmoja aitwaye Zamda Mlekwa, fundi cherehani, ndiyo kwanza anaingia kwenye udalali wa viwanja. Udalali siku hizo ulikuwa wa wanaume wenye pikipiki. Walikaa kijiweni pale njia panda, na mgeni akija hawamwambii hata jina la mtaa. Zamda alikuwa na jozi moja ya viatu vya raba na daftari. Akisikia mtu anauza, anakwenda kwa miguu. Akifika anaambiwa kimeshauzwa. Akimpata muuzaji anaulizwa, "Wewe binti, mnunuzi wako yuko wapi?" Akimpata mnunuzi anaulizwa, "Kiwanja chenyewe kiko wapi?" Mara mbili alimpeleka mtu kuona kiwanja, na mara mbili yule mtu alirudi kesho yake peke yake, akamalizana na mwenye mali. Kumruka dalali, ndivyo wanavyouita ujanja huo. Zamda akaambulia vumbi. Miezi saba ikapita hajauza hata kipande cha kufugia kuku.

Mimi ningerudi kwenye cherehani yangu. Yeye aliiuza! Akachukua fedha zile akaenda kwa Bwana Liheta, aliyekuwa na kiwanja kizuri kando ya barabara, wakaandikishana. Zamda aliweka arubuni, na kwa siku sitini Liheta asimuuzie mtu mwingine. Bei ya Liheta ilikuwa imeandikwa; Zamda akipata mnunuzi wa bei ya juu zaidi, kile cha juu ni chake. Siku sitini zikiisha bila mnunuzi, arubuni imeliwa. Mtoto wa watu alikuwa ameweka mezani kila alichokuwa nacho.

Mnunuzi aliyempata ni mimi.

Alinipeleka mwezi wa tisa, jua kali, ardhi imekauka mpaka inalia chini ya viatu. Jamani, nilikipenda kiwanja kile! Tambarare, hakina jiwe, udongo wake mweusi na laini. Nikaanza kuonyesha kwa kidole: hapa sebule, hapa jiko, hapa kitanda changu kitazame mlima. Tukaelewana bei pale pale. Dalali mwingine angenikokota siku ile ile kwenda kulipa. Zamda akasema, "Mama, nipe siku tatu nikakanyage mipaka na kuonana na majirani."

Nilimuuliza ya nini, maana mipaka nilikuwa naiona. Akaniambia fundi nguo hakati kitambaa kabla hajapima mara mbili. Nikacheka, nikamwacha.

Upande wa chini wa kiwanja alikaa mzee mmoja, Mzee Mloka, mtu wa maneno machache. Zamda alipofika kwake aliona jambo ambalo mimi na macho yangu ya unesi sikuliona. Nyumba ya yule mzee ilikuwa mahali tambarare kama hapa sakafuni, lakini mlango wake ulikuwa juu, unapanda ngazi tano. Akamuuliza ngazi zote hizo ni za nini. Mzee akajibu, "Binti, biashara ya watu mimi simo. Liheta ni jirani yangu." Akamuuliza tena kesho yake, na keshokutwa yake pia. Jibu lilikuwa lile lile: mimi simo.

Basi akaja kwangu. Nilikuwa nimeshakunja nguo zangu nusu, nangoja kuhama kabla hata ya kujenga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tunalipana lini?"

"Mama, naomba usinunue sasa. Tusubiri masika, tukione kikiwa kimelowa."

"Masika? Masika si mpaka mwezi wa nne!"

"Najua, mama."

"Na karatasi yako na Liheta inaisha lini?"

"Mwezi ujao."

Nikamkazia macho. "Yaani uache arubuni yako iliwe ili mimi ningoje mvua?"

Akainamisha kichwa. "Ningekuwa na uhakika ningekwambia wazi. Sina. Nimeona ngazi tano mahali panapotosha moja, na mtu hataki kuniambia kwa nini."

Leo nikiyakumbuka maneno yale naona yalikuwa maneno ya mtu mkweli kabisa. Siku ile niliona ananizunguka. Nikajua, kwa akili zangu za ustaafu, kwamba amepata tajiri wa bei kubwa na ananipoteza njia. Nikampa vidonge vyake! Nikamwita tapeli mlangoni kwangu, majirani wakisikia. Aliniambia "Ahsante, mama," akashika njia.

Siku sitini zikaisha, arubuni ikaliwa. Kijiweni walimcheka wiki nzima: dalali gani huyu anayemfukuza mnunuzi? Na Bwana Liheta akaja kwangu mwenyewe, anatabasamu, akaniambia, "Nesi, sasa hatuna mtu katikati. Nakupunguzia." Nikakubali. Ndiyo, nami nilimruka Zamda! Nina mvi kichwani, nilikwenda kanisani kila Jumapili, nikamruka binti aliyeuza cherehani yake.

Mnajua desturi yetu. Ardhi haiuzwi kwa kupeana mikono barabarani. Mnakwenda ofisi ya mtaa, mwenyekiti anaandika, na majirani wa pande zote nne wanatia sahihi kuwa mashahidi. Siku ile tulikaa kwenye benchi, mkoba uko mapajani mwangu nimeukumbatia kwa mikono miwili. Majirani watatu wakatia sahihi. Akabaki Mzee Mloka. Alikuwa ameshashika kalamu Zamda alipoingia.

Aliamkia kila mtu, na Liheta pia. Mimi niliitikia nikitazama ukuta.

"Karatasi yako imekwisha," Liheta akamwambia. "Umekuja kudai nini?"

"Sidai kitu. Nina swali moja kwa Mzee Mloka, halafu nakwenda zangu." Sauti ilikuwa inamtetemeka. Akamgeukia mzee. "Baba, uliniambia biashara ya watu wewe humo. Sikukulaumu. Lakini leo umeitwa shahidi, na shahidi yumo. Mwambie huyu mama kwa nini mlango wako una ngazi tano."

Liheta akasema, "Mzee, tia sahihi, watu wana kazi zao." Mwenyekiti akaacha kuandika. Mzee Mloka aliitazama ile karatasi, akamtazama Zamda, kisha akaiweka kalamu chini.

"Nilianza na ngazi moja," akasema. "Mwaka wa kwanza maji yakanikuta kitandani. Nikavunja sakafu, nikainua, nikaongeza mbili. Masika yaliyofuata yakaingia tena, yakaondoka na kuku wangu wote. Ndipo nikaongeza mbili nyingine." Akanigeukia mimi. "Mama, kiwanja hununuliwa masika. Rudi mwezi wa nne, usimame kwenye ngazi yangu ya tatu, utazame. Ukikipenda bado, nitatia sahihi."

Liheta aliondoka hata hakuaga. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Nilipoinua uso kumtafuta Zamda, alikuwa ameshatoka.

Mwezi wa nne, siku ya tatu ya mvua mfululizo, nilikwenda kumgongea. Nilidhani atanifungia mlango, na angenifungia angekuwa na haki. Akachukua mwavuli tukaenda wote. Tulisimama kwenye ngazi ya tatu ya Mzee Mloka. Wajukuu zangu, kiwanja hakikuwepo! Palikuwa na mto, mwekundu, unavuma, umebeba migomba mizima na kiti cha plastiki cha mtu. Nilipatafuta mahali nilipopaonyesha kwa kidole kwamba kitanda changu kitakaa. Maji pale yalikuwa yanazunguka kwa nguvu. Nililia pale pale, sikuona haya.

"Nisamehe, mwanangu," nikamwambia. "Nilikutukana, halafu nikakuruka."

"Yameisha, mama. Una buti?"

"Za nini?"

"Kuna kiwanja kingine nataka ukione leo hii, kabla mvua haijakatika."

Tulizunguka wiki mbili tukiwa tumelowa chapachapa. Zamda alianguka kwenye tope mara mbili, mimi mara moja, na mara hiyo moja alicheka mpaka akakaa chini. Viwanja vinne tulivikuta vina maji. Cha tano kilikuwa hiki mlichokalia. Mvua ilikuwa inapiga, na chini ya nyasi ardhi imara. Nilikinunua nikiwa na tope hadi magotini. Nikamlipa cha juu chake, cha kwanza katika maisha yake, nikataka nimfidie na ile arubuni. Akakataa katakata. Akasema ile ilikuwa ada yake ya shule.

Tangu hapo manesi wastaafu wote niliofanya nao kazi walimtafuta yeye. Mtu akija kiangazi akitaka kuonyeshwa viwanja, Zamda anamwambia maneno ya Mzee Mloka, anampa chai, anamwambia arudi mvua zikianza. Wale wa kijiweni walicheka mwaka mmoja. Mwaka wa pili walinunua mabuti.

Na nyinyi msidhani methali hii ni ya viwanja tu. Kiangazi kila mtu ni tambarare, kila mtu anapendeza. Mimi kiangazi nilikuwa Bibi Nesi, mwenye heshima zake mtaani. Ilipofika siku ya kuogopa kupoteza, nikamtukana mtoto wa watu na kumzunguka. Zamda siku ile pale ofisini hakuwa na arubuni, hakuwa na cherehani, na nikinunua nisinunue, yeye hapati hata senti. Mtu aliyemwita tapeli alikuwa amekaa mbele yake na mkoba. Angeweza kubaki nyumbani, na hakuna ambaye angemlaumu. Akaja, anatetemeka, akauliza swali lake. Hiyo ndiyo siku niliyomjua Zamda ni nani.

Kiwanja hununuliwa masika.