Sanduku la Malual

Duka la Ekidor mjini Lodwar halikuuza unga wala sukari. Liliuza vitu ambavyo wenyewe waliviacha nyuma: saa zisizo na akrabu, kengele ya ngamia, kamera iliyojaa mchanga, mguu wa bandia, kiatu kimoja cha bibi harusi. Vingi alivinunua Kakuma kwa wakimbizi waliokuwa wakihama kambi. Wateja waliingia, wakatazama, wakacheka, kisha wakaenda zao mikono mitupu.

Mwaka wa 2012 habari za kugunduliwa kwa mafuta ardhini zilipoenea, wageni walimiminika mjini kama sisimizi waliohisi sukari. Ekidor akaona mlango wa riziki umefunguka. Alilivunjavunja duka lake, akaligawa kwa mabati na mablanketi meusi mpaka likawa njia nyembamba yenye kupindapinda, ambamo hata saa sita mchana mtu hakuona kiganja chake. Mgeni alipewa kurunzi ndogo mlangoni, naye Ekidor akamwongoza kutoka kitu hadi kitu, akimsimulia. Mabati yalialika kwa joto, upepo ukanong'ona kwenye matundu ya misumari, na watu wasiojuana wakajikuta wameshikana mikono.

Chumba cha mwisho kilikuwa na kitu kimoja tu: sanduku la bati la kijani lililoandikwa MALUAL kwa rangi nyekundu. Ekidor alilinunua kwa mchuuzi asiyejua mwenyewe alikwenda wapi. Kwa kuwa hakuijua hadithi yake, aliitunga. Malual, alisema, alichukuliwa na mafuriko ya mto Tarach, na sanduku lake likakutwa limekwama matopeni. Hapo kurunzi zilizimwa. Akeno, mke wa Ekidor, aliita nyuma ya bati kwa sauti ya mjane, "Malual... Malual..." Naye Ekidor akaligonga sanduku kisirisiri mara tatu, kana kwamba aliyemo anaitika. Wanaume wazima walitoka humo wametota jasho jembamba.

Siku moja mwanamke mmoja alibaki nyuma wenzake walipotoka. Jina lake Nyandeng, mkazi wa Kakuma. Alipitisha kidole polepole juu ya zile herufi nyekundu.

"Huyu Malual namjua," alisema. "Mke wake Ayak ni jirani yangu. Mumewe alienda Juba kutafuta kazi, na mwaka sasa hatujasikia neno. Ndugu yangu, haya uliyosema ni kweli?"

Wageni walikuwa bado mlangoni, masikio wazi. Ekidor aliogopa kuumbuka.

"Mwili wake niliuona kwa macho yangu," akajibu. "Tulimzika ukingoni mwa mto."

Nyandeng alijifunika uso kwa leso, akaondoka.

"Kuna mwanamke atanyoa nywele kama mjane kwa ajili ya uongo wako," Akeno alimwambia mumewe. "Mfuate umwambie."

"Nitakwenda Kakuma wiki ijayo."

Wiki hiyo ilikuja ikapita, na nyingine nayo ikapita. Ilivuma mjini kwamba maiti wa sanduku alikuwa na mjane wa kweli, na wageni wakazidi.

Ikawa Jumamosi ya mwezi wa pili, mwaka wa 2013, kama saa nane mchana. Wageni saba walikuwa katika chumba cha mwisho. Kurunzi zilizimwa. Akeno aliita, "Malual... Malual..." Ekidor akainua mkono ili agonge. Kabla hajagonga, sauti nzito ilijibu gizani, karibu kabisa na sikio lake.

"Nipo."

Wageni walikanyagana wakitafuta njia, bati moja likaanguka, na jua likaingia. Mtu mrefu aliketi juu ya sanduku, amejaa vumbi jeupe toka nyweleni hadi nyayoni.

"Sanduku hili liliibwa kwenye lori Lokichoggio, simu yangu ikiwa ndani," alisema taratibu. "Juba niliugua muda mrefu. Juzi nilirudi nyumbani. Mke wangu amenifungia mlango. Watoto wangu wamenikimbia. Majirani wamenimwagia majivu kama mzuka. Wanasema kuna mtu Lodwar amenizika. Ni wewe?"

Ekidor alishusha mkono. "Ni mimi."

"Basi twende ukanifukue."

Walipanda lori la kwenda Kakuma. Kila gari liliporuka, bega la Malual liligusa bega la Ekidor, nalo lilikuwa baridi licha ya lile jua. Ekidor alianza kumtupia macho ya wizi kifuani, aone kama kinapanda na kushuka.

Nyumba ya Ayak ilikuwa imefungwa. Majirani walisimama mbali.

"Mama, mimi ni Ekidor wa Lodwar," alisema mbele ya mlango. "Mimi ndiye niliyesema nimemzika mumeo. Sikumzika. Wala sikumwona. Niliona jina tu juu ya sanduku, mengine nikayatunga."

Kisha sauti ikauliza kutoka ndani, "Huyo uliyekuja naye ana kivuli?"

Ekidor aliinamisha macho, na kwa kitambo kifupi aliogopa atakachokiona.

"Anacho," akasema.

Mlango ulifunguka kidogo. Mkono ulitoka, ukampapasa Malual paji la uso, mashavu, shingo, ukatulia pale mshipa unapopiga. Kisha Ayak akajitokeza, kichwa kimenyolewa, akamvuta mumewe ndani kwa nguvu zake zote. Alimgeukia Ekidor.

"Wiki tatu watoto wangu wanalala wakiliogopa jina la baba yao. Hilo nalo utalifukua vipi?"

Mlango ukafungwa.

Aliporudi Lodwar alijaribu kusimulia hadithi za kweli tu. Alipofika kwenye mguu wa bandia, wageni walicheka, wakamuuliza, "Na mwenye mguu anakuja lini kuuchukua?" Haukupita mwezi kabla duka halijafungwa. Alidhani gizani uongo wake ungetembea daima bila kuonekana. Kumbe ulifika Kakuma tu, ukarudi na shahidi wake. Hakika, njia ya mwongo ni fupi.