Mjomba wa Mwanamkuu

Kuna fumbo nimelibeba miaka mingi. Kila nikidhani nimelifumbua, linajifunga upya. Basi leo nawapa nyinyi.

Siku zile Tanga, lori letu la taka lilikuwa kuukuu, la kijani, lenye ndoano kubwa nyuma. Lilifika sokoni, likashika kontena zima lililojaa, likalivuta hadi mgongoni na kwenda kulimwaga dampo. Watu walisimama kulitazama kama wanatazama ngoma. Dereva wake, Mhina, alijaliwa sikio: aliisikia nati iliyolegea kabla haijadondoka. Semboja, mlinzi wa dampo, alijaliwa jicho: angeiona sindano kwenye majivu. Kihiyo, utingo, alijaliwa mikono: alikunja mnyororo kama mwingine akunjavyo shuka.

Walikuwa na desturi moja. Kabla kontena halijavutwa, utingo aligonga ubavu wake mara tatu kwa spana, kisha akangoja, kwa kuwa waokota chupa walizoea kuingia humo.

Adhuhuri moja Bi Chausiku, mjane aliyelea binti yake kwa chupa hizo, aliingia kontenani akiwa na homa, akaanguka nyuma ya maboksi. Kontena likafunikwa turubai. Ndoano ikavuta.

Penye reli, lori likasimama kupisha treni. Mhina alizima injini, akasikia chupa zikigongana.

"Sisi tumesimama," alimwambia Kihiyo, "hizo chupa zinacheza na nani?"

Magari ya nyuma yaliwahimiza kwa honi, lakini walipofika dampo Mhina alikataa kumwaga, ingawa mwenye katapila alimkejeli kwamba uzee umemwingilia masikioni.

Wakafunua turubai, wasione kitu. Semboja ndiye aliyepanda, akatazama, akaonyesha pindo la kanga katikati ya maboksi. Wenzake walisema ni tambara tu. Akawajibu kwamba rangi bado inang'aa, na hakuna mtu anayetupa kanga mpya.

Kihiyo akaruka ndani. Alitupa kando magodoro yaliyolowa, akanyanyua friji bovu, akamtoa Bi Chausiku amembeba mgongoni, angali anapumua. Kontena lingemwagwa, katapila lingemfukia.

Baada ya mwezi mama huyo alikuja kwenye karakana yao. Binti yake, Mwanamkuu, alikuwa anaposwa Jumamosi, na kwao posa hupokewa na mjomba. Bi Chausiku hakuwa na kaka. Alitaka yule aliyemwokoa akae mkekani kuipokea, awe ndugu yake tangu siku hiyo. Mjomba wa posa ni mmoja tu.

Mhina alisema bila sikio lake wasingefunua turubai. Semboja alisema walifunua, wakaona tambara. Kihiyo alizidi kuifuta spana yake.

"Na wewe, bwana mikono," Semboja akamtania, "leo umekatwa ulimi?"

Mhina akamtazama utingo wake. "Kihiyo, siku ile uligonga?"

"Sikugonga," akasema Kihiyo. "Nilikuwa nabishana mpira na muuza machungwa. Nikasahau."

Kisha Semboja akasema, polepole, kwamba aliyewasha moto hasifiwi kwa kuuzima.

Bi Chausiku alikaa juu ya tairi, akafikiri.

"Nyinyi wawili mlinisaidia, mkarudi makwenu mkalala," alisema. "Huyu alikuja hospitali kila asubuhi na uji, anakaa, haongei. Nilidhani ni bubu. Kumbe alikuwa na neno, halitoki. Basi atakaa yeye."

Semboja aliondoka bila kuaga, na sijui kama alikosea. Mhina hakupinga. Ijumaa aliliosha lile lori mpaka kijani chake kikaonekana. Jumamosi alimvika Kihiyo kanzu yake mwenyewe, ile aliyokuwa ameipigia pasi aivae yeye, akampeleka hadi mlangoni, akamshika mkono mbele ya wageni na kumkalisha mkekani. Kisha akaenda kuketi nje na waliokuja kula tu.

Lori hilo halipo tena, na wawili kati ya watatu hao wamekwisha tangulia. Hukumu ya Bi Chausiku bado inaniamsha nikiifikiria. Mmoja alisikia, mmoja aliona, mmoja alitoa, naye huyo wa mwisho ndiye aliyesahau. Enyi mnaonisikiliza, mkeka ungekuwa wenu, mngemkalisha nani?