Kranki Iliyolia Karibu na Mstari

Ndugu zangu, mnaniona natabasamu kabla sijafungua mdomo. Leo nina mtu wa kujivunia.

Kulikuwa na mwanamke mmoja kule Usukumani, mkimbiza baiskeli. Mnajua kwao mbio za baiskeli ni heshima ya kijiji kizima. Akaenda dukani kununua kranki mpya, vile vyuma vinavyoshika pedeli pamoja na gia yake ya mbele. Muuzaji akamwekea mezani gia kubwa kama sinia la pilau.

"Chukua hii, mama. Ndiyo ya mabingwa."

"Mabingwa wana mapaja yao, nami nina yangu. Nipe ile ndogo."

Watu dukani wakacheka. Wacheke tu. Nyumbani akaifunga mwenyewe: akafuta vumbi, akapaka bolti grisi, akakaza mpaka spana ikagoma.

Siku ya mbio zawadi ilikuwa ng'ombe mwenye mimba. Kwenye mlima wale wa gia kubwa wakahema, yeye akawapita akipanda kama mtu anayekwenda kisimani. Jamani, kijiji kilijaa barabarani kwa vigelegele! Mumewe alikuwa anakimbia pembeni, shati mkononi.

Mara kranki ikaanza kulia. Kwi, kwi, kwi. Kitu kipya kikianza kazi hulegea, hata ukikifunga vizuri namna gani. Mwanamke akashuka, akachomoa spana kiunoni.

"Mama Minza, unafanya nini? Wanakuja!" mumewe akapiga kelele.

"Kranki imelegea."

"Si inazunguka? Mstari ule pale. Fika kwanza."

Akaendelea kukaza. Akapitwa na mmoja, na wa pili, na wa tatu. Ng'ombe akaenda kwa wengine.

Mume alinung'unika njia nzima. "Umetuaibisha. Ungemaliza hivyo hivyo na kelele zake."

"Ningemaliza, tena ningeshinda," akasema mkewe. "Lakini tundu la kranki lina pembe nne. Ukiikanyaga kranki imelegea, pembe zinalika, na zikishalika hakuna spana ya kuzirudisha. Baba Minza, kesho mama yako anakwenda kliniki. Utampakia kwenye ng'ombe?"

 Kesho yake mume alifunga keria, kile kiti cha nyuma cha baiskeli, kwa mikono yake mwenyewe, na yule bibi kizee akafika kliniki salama, nyuma ya mkwe wake. Barabarani hapakuwa na hata mtu mmoja wa kupiga vigelegele.

Mimi naringa na mwanamke huyu. Ningekuwa na binti kama yeye, msingelala kwa majigambo yangu.

Je, sisi? Ndoa inalia, tunasema si inazunguka. Mtoto amebadilika, tunasema acha kwanza nimalize biashara. Tunaogopa kupitwa na jirani, tunaendelea kukanyaga, na kila siku kitu ndani ya nyumba kinalika ambacho pesa hazitakirudisha. Mungu hakutuuliza tumekuwa wa ngapi. Alitupa watu wa kubeba.

Kuna mtu amekaa hapa leo, na ndugu yake wa tumbo moja amekaa benchi la nyuma, na hawajasalimiana tangu Pasaka. Wote mnanisikia. Baada ya ibada msikimbilie nyumbani. Tafutaneni huko nje, mzungumze mpaka yaishe. Chakula kitapoa. Kipoe.