Hitima ya Balozi wa Ngazuri

Ilikuwapo nchi kubwa ya Kirwani, na mwendo wa miezi mitatu kutoka hapo ilikuwapo nchi ndogo ya Ngazuri. Balozi wa Ngazuri alifia Kirwani. Mkewe, Bi Kidawa, alikaa eda hadi ikaisha, kisha akaenda kwa Mfalme Jabali kuomba ruhusa ya kurudi kwao, kwa mama yake mgonjwa.

"Hutoki," alisema mfalme. "Ukiwa hapa, Ngazuri watanitii. Na sheria yangu unaijua: asiye na kibali havuki mpaka."

"Naijua, bwana mkubwa. Ni ya kila mtu?"

"Kila mtu. Hata ningekuwa mimi."

"Mungu akuzidishie. Basi Ijumaa uje kwenye hitima ya marehemu. Mabalozi wote watakuwapo."

Mfalme alikuja, akaitikia dua, akala sahani mbili za pilau. Alipoinuka kuondoka, alimkuta Bi Kidawa amesimama mlangoni.

"Kibali chako, bwana mkubwa?"

"Kibali cha nini?"

"Cha kuvuka mpaka. Nyumba ya balozi ni ardhi ya Ngazuri. Mkataba uliutia muhuri mwenyewe."

Mabalozi waliacha kutafuna, wakamtazama mfalme.

"Na nani anayetoa kibali hicho?"

"Mimi. Muhuri wa marehemu ninao."

"Basi nigongee, mama."

"Nitakugongea," alisema Bi Kidawa, akamwekea karatasi mbili na wino. "Lakini anza wewe na changu."