Jinsi Kiboko Alivyopunguza Uzito wa Gari

Haya, mlio nyuma mnanisikia?

Tunakusikia!

Niseme ya kweli?

Changanya na uongo!

Basi shikeni viti, nawasha injini.

Washa!

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana simu zilikuwepo na bando lilikuwa likiisha kabla ya siku zake kama sasa, aliishi Nguchiro na mkewe na watoto wao ndani ya kichuguu, kando ya mbuga. Nguchiro alikuwa mdogo, na gari lake lilikuwa kubwa. Lilikuwa gari la kale, boneti ndefu, injini ya silinda nane, aliloachiwa na marehemu babu yake likiwa limekufa. Alilifufua mwenyewe. Alikuwa anaingia mzima mzima ndani ya injini na kutokea upande wa pili, spana mdomoni, masharubu yote oili. Akalipa jina: Ngurumo.

Mwaka huo mvua iligoma. Maji yalibaki kwenye chemchemi moja tu, huko ng'ambo ya mbuga. Kila asubuhi Nguchiro alipakia madumu kwenye Ngurumo, vuuum, akaenda, vuuum, akarudi, watoto wakanywa.

Siku moja akapita Kiboko. Kiboko alikuwa na bwawa lake, lake peke yake, na hata angekugawia usingekunywa, kwa mambo aliyokuwa akiyafanya humo. Akalitazama Ngurumo. Akafungua mlango. Akakaa. Springi zikalia kwiiii.

"Mzee," akasema Nguchiro, "hilo ni gari langu."

"Najua," akasema Kiboko. "Zuri sana."

Akawasha, akaenda zake. Tangu siku hiyo akawa anashuka garini kuoga tu, na hata akioga, funguo alizitia shavuni. Nani atatia mkono mdomoni mwa Kiboko? Wewe hapo unayejifanya shujaa, ungetia? Nyamaza basi, tuendelee.

Nguchiro akaanza kwenda chemchemini kwa miguu, kidumu kichwani. Njia ndefu, shingo fupi. Alikuwa anaondoka na kidumu kilichojaa, akifika nyumbani kimebaki nusu. Mtoto wake wa mwisho, Kidawa, akawa anakilamba kidumu kwa nje, pale kilipolowa. Nguchiro akimwona hivyo moyo ulikuwa unamuuma mpaka anageukia ukutani.

"Baba Kidawa," mkewe akamwambia, "nenda kaseme naye."

"Yule hasemeki, mke wangu. Yule anabishana tu."

Kisha akaomba apewe simu.

Kulikuwa na kundi mtandaoni, jina lake Vyuma vya Babu. Humo walikusanyika wapenzi wa magari ya kale, na kazi yao ilikuwa moja, kubishana gari la nani litamwacha nani kwenye mbio za kunyoosha. Mbio zenyewe ni rahisi. Magari mawili yanasimama sambamba, yanaachiwa, yanakimbia mstari ulionyooka mpaka mwisho, basi. Hakuna hata kona. Lakini katika kundi lile hakuna aliyewahi kushindana na mwenzake. Walikuwa hawana nafasi. Walibishana alfajiri, wakala huku wanabishana, akifiwa mmoja wakampa pole, kisha wakamuuliza marehemu alikuwa upande gani.

Admini alikuwa Kobe. Kobe ndiye aliyekuwa mwamuzi wa mambo ya spidi. Ukimuuliza asubuhi alikujibu jioni, na neno lake halikukatwa. Sheria yake ilikuwa hii: anayejisifu alete video, na akileta video ya pili, basi amekiri kwamba ya kwanza ilikuwa ya uongo.

Aliyebishana kuliko wote ni Kiboko. "Ngurumo ndio mwisho!" aliandika. "Anayebisha alete ushahidi!"

Na aliyembishia kuliko wote ni Fisi, mwenye gari liitwalo Radi. Fisi hakuwa na maneno mengi. Alirekodi sauti yake tu, akatuma: "Kwi-kwi-kwi!"

Basi Nguchiro akaingia humo, akaandika kwa adabu: "Mzee Kiboko, shikamoo. Mimi niko upande wako. Ila Fisi anasema Ngurumo limebeba uzito wa bure. Tairi la akiba, kwa mfano."

"Nani kabeba uzito?" akajibu Kiboko.

Akatoa tairi la akiba, akalitupa, puu! Akakimbiza gari: vuu, vuu, gru-gru-gru, tumbo la gari linaburuzika chini. Akatuma muda wake kwenye kundi.

"Kwi-kwi-kwi!" akajibu Fisi.

Nguchiro akalifuata lile tairi, akalibingirisha mpaka nyumbani. Kesho yake akaandika tena: "Mzee Kiboko, shikamoo. Mimi niko upande wako. Ila Fisi anasema kiti cha nyuma hakimkalishi mtu, kinakula spidi tu."

"Nani kaliwa spidi?"

Akang'oa kiti cha nyuma, akakitupa, puu! Akakimbiza gari: vuu, vuu, gru-gru-gru. Akatuma muda.

"Kwi-kwi-kwi!"

Nguchiro akakiburuta kiti mpaka nyumbani. Watoto wakakikalia, wakiwa na kiu, lakini wamekaa vizuri. Akaandika tena: "Mzee Kiboko, shikamoo. Mimi niko upande wako. Ila Fisi anasema kwenye buti umejaza matikiti."

Hapo Kiboko alifikiri sana. Matikiti yale aliyapenda. Mwishowe akafungua buti, akayatoa matikiti yote, akayala yote, papo hapo, na maganda, ili gari liwe jepesi. Akarudi kwenye usukani. Akakimbiza gari: vuu, gru-gru-gru-gru. Lilikuwa zito kuliko jana.

"Kwi-kwi-kwi! Kwi-kwi-kwi!" Fisi akatuma mara mbili, kwa furaha. Kisha akaandika, jambo ambalo halikuwa kawaida yake: "Hilo ni gari la kuhamishia makabati."

Kiboko hakulala vizuri. Asubuhi akamwandikia Nguchiro mwenyewe, pembeni, wengine wasione: "Wewe kijana, uko upande wangu?"

"Niko upande wako, Mzee."

"Nimetoa tairi. Nimetoa kiti. Nimetoa matikiti. Fisi anasema nini sasa?"

"Anasema humo ndani umebaki uzito mmoja tu, Mzee."

"Upi?"

"Hakuutaja. Ameona aibu."

Kiboko akatafuta. Akatazama nyuma, hakuna kiti. Akatazama kwenye buti, hakuna tikiti. Akatazama chini ya kapeti, akakuta mbegu moja, akaila. Kisha akatazama kile kioo cha kati, cha kuangalia nyuma. Akakitazama kwa muda mrefu.

Mchana akamwita Nguchiro.

"Ninahitaji dereva mwepesi," akasema. "Mimi nitasimama kwenye mstari wa mwisho, nipige video. Utaendesha wewe."

Moyo wa Nguchiro ukadunda, du-du-du. Lakini uso wake haukusema kitu.

"Mimi, Mzee? Hapana. Miguu yangu haifiki kwenye pedeli. Mtafute Kindi. Au Panya."

"Nimesema wewe."

"Mzee, mimi ninaogopa spidi."

"Utaendesha," akasema Kiboko, "au nikukalie?"

"Ikiwa ni amri," akasema Nguchiro, "mimi ni nani?"

Kiboko akatema funguo kutoka shavuni. Zilikuwa na mate, lakini Nguchiro alizipokea kwa mikono miwili. Akafunga vipande vya gogo miguuni, akapanda, akanyoosha shingo mpaka macho yakavuka usukani. Ngurumo likainuka. Springi zikashusha pumzi, pheeew. Lilikuwa halijasimama sawasawa tangu lichukuliwe.

Mstari wa kuanzia ulikuwa karibu na bwawa. Mstari wa mwisho ulikuwa kule mbugani, njia ya chemchemi. Kiboko akajikokota mpaka huko mwisho, akasimama na simu yake, akainua mguu, akaushusha.

Vuuuuuuum!

Vumbi. Mawe. Ndege wote juu. Ngurumo likapita mbele ya Kiboko kwa kasi kiasi kwamba masikio yake yalilala upande mmoja. Kiboko akatazama simu. Akatazama muda. Akautazama tena. Machozi yakamlengalenga kwa furaha, kusema kweli. Akatuma video.

Jioni Kobe akajibu: "Nimeona. Radi halijawahi kufika hapo."

"Mmeona!" akaandika Kiboko. "Nilisema! Ngurumo ndio mwisho!"

"Kwi," akasema Fisi, mara moja tu. Kisha akaandika: "Video imechezewa. Arudie, tuone."

Ndipo Kiboko alipoinua macho kutoka kwenye simu. Mbuga ilikuwa tupu. Hakuna gari. Alama za matairi zilivuka mstari wa mwisho, zikaendelea, zikanyooka kuelekea chemchemi.

"Nguchiro!" akaandika. "Uko wapi? Rudisha gari tupige video nyingine!"

Nguchiro alikuwa chemchemini, madumu aliyoyaficha huko mapema yamejaa, anafunga vifuniko. Akafuta mkono, akajibu: "Mzee, mimi niko upande wako. Ila ukileta video ya pili, Kobe atasema ya kwanza ilikuwa uongo. Hilo ndilo analolitaka Fisi. Mimi nafanyaje? Nirudi?"

Kiboko akasoma. Akasoma tena. Jua lilikuwa limemchoma mgongo tangu mchana, bwawa lilikuwa mbali, na miguu yake haikuumbwa kwa safari. Akaandika kwa herufi kubwa: "USIRUDI! Ole wako urudi na hilo gari! Usirudi kabisa!"

"Sawa, Mzee," akajibu Nguchiro. "Kama ulivyoamuru."

Akaenda nyumbani, vuuum. Akafunga kiti cha nyuma, akarudisha tairi la akiba mahali pake. Kidawa akanywa maji, akanywa, akanywa, akateuka, akalala juu ya kiti akiwa bado ameshika kikombe. Nguchiro akamtazama, na safari hii hakugeukia ukutani.

Kiboko naye alirudi kwake kwa miguu, polepole, anatota jasho, simu mkononi, mshindi. Na kila akimwona mtu njiani alimsimamisha amwoneshe video.

Funzo lake, wanangu, ni hili: ukibishana mtandaoni, usikubali kushindwa hata kidogo. Kaza hapo hapo. Kiboko alikaza, na mpaka leo hakuna aliyemshinda.

Nimefika, nazima injini.

Zima!

Funguo hizo hapo. Anayetaka kuendelea, naye aendeshe.